Kampeni Bado Si Hadithi: Hotuba kwa Wachezaji Wanaotaka Kuandika

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa wachezaji wa michezo ya mikakati na waandishi chipukizi. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Ramani zilizooneshwa ukutani tumeziacha. Kampeni hapa ni mchezo mmoja wa kompyuta unaochezwa tangu mwanzo wa kalenda yake hadi mwisho.

Ndugu zangu wachezaji, dada na kaka waandishi, na wazee wetu mliokubali kukaa na vijana mchana huu: hamjambo? Ahsanteni kwa kuja.

Naomba mniruhusu nianze kwa kuuliza. Ni nani hapa hajawahi kumsimulia mwenzake vita alivyoshinda kwenye kompyuta, akaona macho ya yule mwenzake yanahamia kwenye simu? Nyosheni mikono. Naona mikono miwili, labda mitatu. Sisi wengine wote yametupata. Sasa jiulizeni: yule msimuliaji alikesha na kampeni ile, moyo unamdunda, chai imepoa mezani. Msisimko alikuwa nao. Kwa nini haukumfikia msikilizaji?

Haukumfikia kwa sababu alisimulia matokeo. Alisema, "Nikachukua Malindi, halafu Mombasa, halafu Pate." Msikilizaji akapewa orodha ya miji. Lakini mchezaji mwenyewe hakukeshea orodha ya miji. Alikesha kwa sababu hakujua. Hakujua kama Malindi ina mshirika atakayeingia vitani. Hakujua kama hazina itafika mwisho wa vita. Hakujua kama sultani mgonjwa ataishi hadi mwanawe akue. Kutojua kule ndiko kulikomnyima usingizi, na ndiko alikokuacha nje ya masimulizi.

Ninalo jambo moja tu la kuwaambia leo, ingawa nitalizunguka kwa pande nyingi. Hadithi ya kampeni inaundwa na maamuzi yaliyofanywa gizani, na gharama iliyolipwa kwa maamuzi hayo. Giza na gharama. Mkiviweka hivyo viwili kwenye ukurasa, hata mtu asiyejua mchezo atasoma hadi mwisho. Mkivikosa, hata bingwa wa mchezo wenyewe atawakimbia.

Ili tusizungumze hewani, tutatumia mfano mmoja: Europa Universalis IV, mchezo wa kampuni ya Paradox Interactive ya Sweden, uliotoka mwaka 2013. Unaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kwisha mwaka 1821, na ndani yake unaweza kuichukua Kilwa. Nimeichagua Kilwa kwa sababu upepo wake tunaujua, mawe yake tunayajua, na yaliyoipata kweli tunayajua pia. Hilo la mwisho lina faida kubwa kwa mwandishi, nitalieleza mbele.

Tuanzie pale wengi wasipopajali: uchaguzi wa kampeni.

Mchezaji anachukua Dola ya Uthmaniya au Ufaransa. Kufikia mwaka 1550 hakuna jirani anayemweza. Imebaki miaka 271 kwenye kalenda. Atasimulia nini? Michezo hii ina tabia moja: mali huzaa mali. Jimbo ulilochukua linalipa kodi, kodi inaajiri askari, askari wanachukua jimbo jingine. Theluthi ya kwanza ina wasiwasi wa kweli. Sehemu iliyobaki ni kuhesabu. Ndiyo maana kampeni nyingi zinazoandikwa zinakufa sura ya nne au ya tano. Watu husema mwandishi alichoka. Kilichochoka ni swali: lilikwisha kujibiwa.

Kwa hiyo chagueni dola dhaifu, mpate swali lenye majibu mawili yanayowezekana kweli. "Je, Kilwa itaitawala dunia?" hilo si swali, maana hakuna anayelijali jibu lake. "Je, Kilwa itakuwa bado na sultani wake mwenyewe siku Wareno watakapotimiza miaka mia moja katika bahari hii?" Hapo tuna jambo.

Halafu jifungeni kwa masharti, muyaandike kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Kwa Kilwa ningeweka matatu. La kwanza, hakuna kurudi nyuma. Hali ya Ironman inasaidia, kwa sababu mchezo unahifadhi faili moja tu na kuliandika upya juu yake lenyewe. La pili, kila sultani atende kwa kadiri ya kipaji chake. Mchezo unampa kila mtawala namba tatu kuanzia 0 hadi 6: utawala, diplomasia na vita. Sultani mwenye 1 kwenye diplomasia asiruhusiwe kutafuta zaidi ya mshirika mmoja, hata kama wewe mchezaji unaona wazi kwamba anahitaji watatu. Sultani mwenye 5 kwenye vita hawezi kukaa miaka kumi bila kutafuta ugomvi. Sharti hili litakuumiza, na ndiyo kazi yake, kwa sababu watawala wako wataanza kukosea kwa namna inayofanana nao. La tatu ni upepo. Kompyuta haijui kusi wala kaskazi. Meli zake zinaweza kutoka Kilwa kwenda Hormuz mwezi wowote. Wewe unajua. Majeshi yako ya majini yapande kaskazini kwa kusi, yaani kuanzia Aprili, na yarudi kwa kaskazi inayoshika Desemba na kuishia Machi. Vita vikianza Januari na adui yuko Malindi, subirini. Katika kusubiri huko mna sura nzima: jeshi lipo, silaha zipo, kila mtu anajua linalokuja, na bahari imekataa.

Sasa tuingie kwenye daftari. Naomba tutulie hapa kidogo, kwa maana kazi nyingi huharibika hapa.

Mwaka 1824, huko Prussia, ofisa kijana aitwaye Georg von Reiswitz aliwaonesha wakubwa wa jeshi mchezo ulioitwa Kriegsspiel. Ulichezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu. Kitu kilichoufanya uwe tofauti na sataranji ni kwamba katikati ya wachezaji alikaa mwamuzi. Mchezaji hakusogeza vipande kwa mkono wake tu. Aliandika amri akampa mwamuzi, naye mwamuzi akamrudishia yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Tafakarini, ndugu zangu: mwisho wa mchezo ule palikuwa na rundo la karatasi, na kila karatasi ilionesha mtu alichokitaka pamoja na alichokuwa hakijui saa ileile. Huyo ni mwamuzi anayewaandalia hadithi bila kukusudia.

Ninyi mnacheza peke yenu. Hamna mwamuzi. Kwa hiyo daftari ndilo mwamuzi wenu.

Mambo manne, yasizidi mistari minne. Tarehe. Ninachokitaka. Nisichokijua. Nitakachopoteza nikikosea. Na yaandikwe kabla, wakati mchezo umesimamishwa, kabla hujagusa tena kitufe cha nafasi kuuendesha. Kabla, narudia, kabla! Hebu sikilizeni mfano:

"Mei 1461. Nataka Malindi. Sijui kama Mutapa watatushambulia mgongoni jeshi likiwa kaskazini. Hazina yetu ina dukati 90 (fedha za mchezo). Vita vikipita miaka miwili lazima nikope."

Sasa linganisheni na hili, ambalo ndilo linalojaa kwenye madaftari ya wengi:

"1463: tumechukua Malindi."

Hilo la pili limekwisha kufa. Huwezi kulifufua, hata uwe na kalamu ya dhahabu. Ukikaa kuandika wiki mbili baadaye utadhani ulikuwa na mpango tangu mwanzo, kwa sababu kumbukumbu ya mshindi hupanga kila kitu kama kwamba kilikusudiwa. Sultani wako atatoka ukurasani akiwa mtu anayejua kila kitu, na mtu anayejua kila kitu hana cha kumfanya msomaji amwonee wasiwasi.

Tatizo la upande wa pili ni kuandika kupita kiasi. Mtu anasimamisha mchezo kila mwezi, na baada ya miaka ishirini ya kalenda amechoka na mchezo, amechoka na daftari. Simameni mara tano tu: kabla ya kutangaza vita, kabla ya kutia sahihi amani, mtawala anapokufa, mnapochukua mkopo, na linapotokea tukio ambalo hamkulitarajia. Mengine yapiteni.

Na mafaili je? Kwa sababu Ironman inafuta ya jana kwa ya leo, kila anapokufa mtawala tokeni kwenye mchezo, mfungue folda la Documents, ndani yake Paradox Interactive, kisha Europa Universalis IV, kisha save games. Nakilini lile faili mahali pengine na kulipa jina la mwaka. Nakala hiyo si ya kurudi nyuma kucheza upya! Ni ya kufungua miezi sita baadaye mnapohitaji kujua ni nani alikuwa jemadari mwaka 1488 na deni lilikuwa kiasi gani. Picha za ramani pigeni pia, kwenye Steam ni F12, na zipigeni kabla ya vita. Watu hupiga picha ya ushindi. Ile ya kabla, mipaka ya zamani ikiwa bado imesimama, ndiyo wanayoitafuta baadaye na kuikosa.

Haya. Tuna kampeni, tuna daftari. Tunakaa kuandika. Na hapa ndipo namba zinapotuvamia.

Mchezo unatupa namba. Msomaji anataka kitu anachoweza kukishika. Utulivu wa dola unapimwa kutoka −3 hadi +3. Kuna lile tukio maarufu la kimondo kuonekana angani. Chochote utakachochagua, utulivu unashuka kwa moja. Mwandishi anaandika: "Kimondo kilionekana na utulivu wa Kilwa ukashuka." Nani atajali? Utulivu ukishuka Kilwa, ni kitu gani kinabadilika ambacho mtu angekiona kwa macho? Wafanyabiashara wa Cambay, bandari ya India, wanataka walipwe kabla ya kushusha nguo, badala ya baada. Hatibu anasita anapofika kwenye jina la sultani. Mafundi wanaoongeza nguzo za mawe ya matumbawe msikitini wanaacha kazi kwa sababu hawajalipwa tangu mfungo. Chagueni kimoja. Kimoja tu, kioneshwe vizuri, na ile namba isitajwe.

Akiba ya watu wa kuingia jeshini imefika sifuri? Mashua za uvuvi zimepandishwa mchangani na hakuna wa kuzishusha. Mmekopa dukati? Mkopeshaji ana jina, ana nyumba karibu na bandari, ana binti anayetaka kumwoza. Thamani ya sarafu imeshuka? Kilwa ilifua fulusi zake yenyewe za shaba zenye majina ya masultani. Basi andikeni mwanamke sokoni anayezipima kwa mkono, anazirudisha, anasema anataka kauri.

Mnasema uhusiano na dola fulani umepanda. Tazameni historia yenyewe ilivyoandika jambo hilo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa China wakiwa na twiga. Wachina walimfananisha na mnyama wa baraka katika masimulizi yao, anayejitokeza zama za mtawala mwema. Mia sita ya miaka imepita, na bado tunamjua yule twiga. Angekuwapo mwandishi wa kusema tu kwamba uhusiano wa Malindi na China ulikuwa mzuri, nani leo angekumbuka? Twiga aliyesafirishwa kuvuka bahari, aliyelishwa majani chomboni, ambaye kila siku ya safari palikuwa na mtu wa kuhofia asife: huyo ndiye anayebeba hadithi. Kila diplomasia yenu itafutieni twiga wake.

Ipo hali moja ambayo wachezaji wanaichukia na mimi nawasihi mwipende. Mtawala akifa na mrithi hajatimiza miaka 15, nchi inashikwa na baraza, na baraza haliruhusiwi kutangaza vita. Mchezaji ananuna, anaongeza kasi ya mchezo hadi ya tano ili miaka ile ipite. Usiipitishe! Ni akina nani wamekaa kwenye baraza hilo? Mama wa mtoto yuko wapi? Nani anashika ufunguo wa ghala la pembe? Historia ya Kilwa mwishoni mwa karne ya 15 ndiyo hiyo hasa: masultani wamebaki majina, na nguvu ziko mikononi mwa maamiri na mawaziri. Mmoja wao, Amiri Ibrahim, alijichukulia mji wote. Miaka kumi ya baraza bila vita inaweza kuwa sura bora katika kazi yenu nzima, kwa sababu kila mtu anaogopa na hakuna anayeruhusiwa kuchomoa upanga hadharani.

Na kwa kuwa nimemtaja Ibrahim, nimsimulie, kwa maana kisa chake kinafundisha kuhusu watu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja Kilwa na kumlazimisha Ibrahim alipe kodi ya dhahabu. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na msafara wake, akataka amiri aje waonane. Ibrahim hakwenda. Waandishi wa Kireno wanasimulia udhuru aliotuma: paka mweusi alimkatiza njia alipokuwa anatoka, na kukutana siku hiyo kungekuwa na nuksi. Wareno walishuka wakauteka mji. Ibrahim akatoroka. Almeida akamweka madarakani tajiri mmoja wa mjini, Muhammad Ankoni, na mwaka uliofuata, 1506, Ankoni akauawa. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha Kilwa.

Kwenye mchezo, yote hayo ni vita vimoja, mabadiliko ya mtawala na muasi mmoja. Mibofyo mitatu. Lakini tazameni wale watu! Ibrahim na paka wake: je, aliamini nuksi, au alikuwa ananunua siku moja ya kuhamisha watu na mali? Ankoni naye: anavikwa taji na mikono iliyotoka kuteka mji wake. Anakubali kwa tamaa? Kwa woga? Au anadhani ataweza kuuokoa mji akiwa ndani? Mwandishi asijibu haraka. Aandike alichokifanya mtu, aweke sababu mbili zinazoingia akilini, amwache msomaji achukue upande.

Kwa hiyo nani asimulie? Wengi wanamchagua sultani. Mimi nawakataza, angalau kwa kazi zenu za mwanzo. Sultani anaiona ramani nzima, kama nyinyi. Giza linapotea. Mchukueni anayeona kipande tu: karani wa forodha anayehesabu jora za nguo, nahodha wa chombo cha Sofala, fundi anayeshona mtepe kwa kamba za nazi na kuambiwa afanye haraka bila kuambiwa kwa nini. Karani anaona nguo zimepungua miezi miwili mfululizo, kabla hajasikia habari ya vita. Msomaji anaunganisha mwenyewe, na msomaji anayeunganisha mwenyewe haondoki.

Kampeni ina miaka 376, na hakuna karani wa kuishi hivyo. Tumieni ukoo: karani, mjukuu wake, kitukuu chake. Watu watatu kwa kila kizazi wanatosha. Wakizidi hapo msomaji anaanza kurudi nyuma kutafuta majina. Majina yenyewe yatoeni mahali na wakati husika, mtu aitwe kwa jina lake na la baba yake. Wanaocheza Crusader Kings III, ambayo ilipotoka ilikuwa inaanza mwaka 867 au 1066, wana shida iliyo kinyume: mchezo ule unawamwagia watu, kila mmoja na tabia zake, wake zake, na siri zake. Kwao kazi ni kupunguza. Acheni mabinamu kumi na saba, mbakishe yule mmoja mwenye chuki yenye sababu.

Chuki yenye sababu! Hebu niseme kuhusu adui. Kompyuta haiwachukii. Wekeni kishale juu ya namba ya maoni ya jirani na mtasomewa mashtaka yote, moja baada ya jingine: mlichukua jimbo lile, mlivunja mapatano yale, mna mshirika ambaye ni hasimu wake. Uchokozi wenu ukifika 50 machoni pake, anaweza kujiunga na muungano wa kuwapiga. Mchezaji anaiona orodha ile kama kero. Mwandishi ainakili, kwa sababu hiyo ni barua ya malalamiko iliyokwisha kuandikwa. Mpeni mjumbe wa Malindi aisome mbele ya baraza la Kilwa, neno kwa neno, na asiwepo mtu wa kumjibu, kwa kuwa yote aliyosema ni kweli. Kila kampeni iwe na adui mmoja mwenye haki.

Tumebakiwa na jambo la muda, yaani miaka kugawanywa kwenye kurasa.

Zile habari za miji yetu ya pwani zilizoandikwa zamani zina mwendo wake: akatawala fulani miaka kadhaa, akafa, akatawala nduguye, akafa, akatawala mwanawe. Kwa kazi ya kuhifadhi nasaba, mwendo huo ni sahihi kabisa na tunawashukuru walioufuata. Kwa hadithi unaua. Mwandishi wa kampeni anaanguka mlemle bila kujua: miaka ishirini kila sura, sura baada ya sura, iwe imetokea jambo au halikutokea.

Mimi ningegawa hivi. Sura kumi na mbili za maneno kama 1,500. Miaka ya 1444 hadi 1497 ipewe sura mbili. Kuanzia siku tanga la kwanza la Kireno litakapoonekana, miaka kumi na tano ipewe sura tano. Karne mbili zinazofuata sura nne. Mwisho sura moja. Mnaona ilivyopinda? Inapaswa kupinda. Na mnaporuka miaka, msiseme "miaka thelathini ikapita". Onesheni kilichobadilika: mtoto aliyekuwa anachezea kamba kwenye karakana ya mitepe sasa ana mvi na anagombana kuhusu misumari ya chuma.

Na hapa ndipo faida ya kujua historia inapokuja. Msomaji wetu anajua mwaka 1498, alipofika Vasco da Gama kwa mara ya kwanza. Kompyuta haiujui. Wareno wa kompyuta wanaweza kuchelewa miaka thelathini, wanaweza wasije kabisa. Itumieni hofu hiyo. Mwaka 1497 kwenye hadithi yenu, msomaji ameshika pumzi. Watu wa Kilwa wanaoza mabinti zao. 1498 inapita, kimya. 1505 inapita. Msomaji haelewi tena anaogopa nini. Halafu mwaka 1523, siku ambayo hakuna aliyeitarajia, hata nyinyi wenyewe, matanga. Daftari lenu linaonesha kwamba jeshi mliliacha bara mwezi uliotangulia. Nani angeweza kubuni hivyo?

Mapigano yenyewe yafanyeni machache. Ndani ya mchezo pambano linakwenda kwa awamu za siku tatu tatu, na dadu ya 0 hadi 9 kwa kila upande. Msisimulie dadu. Msisimulie mikuki kila sura. Tafuteni saa ambayo jemadari bado angeweza kurudi nyuma, na mkae hapo: anakijua nini, anakiogopa nini, nani anamwambia arudi na nani anamwambia asonge. Baada ya hapo, pambano lenyewe linaweza kwisha kwa aya mbili. Pambano moja kwa kila sura tatu linatosha, na mawili yasifanane umbo.

Halafu mtashindwa. Mkifuata yale masharti, mtashindwa. Kilwa itachomwa, na mkono wenu utataka kufuta na kuanza upya. Nawaombeni sana: msifute! Sura ya kushindwa ndiyo wasomaji wanayoisubiri, na hawajui kwamba wanaisubiri. Iandikeni polepole kuliko zote. Orodhesheni gharama kwa majina: nani amekufa, nyumba ipi imebaki, deni la yule mkopeshaji wa sura ya tatu sasa ni la nani. Mwili wa kazi utashikamana hapo.

Mambo ya kuchapisha niyapite haraka. Ramani moja mwanzoni mwa sura, iliyokatwa ibaki sehemu inayohusika tu, bila vitufe na vibao vya mchezo pembeni. Chini yake mstari mmoja wa maelezo. Picha nyingine moja katikati ikibidi. Msitoe sura ya kwanza kabla hamjawa na tatu mkononi, kwa sababu wiki ya mitihani au ya msiba itakuja, na wasomaji wakikosa sura mbili wanahama. Mkitaka kuwapa wasomaji kura, wapeni uamuzi wenye gharama pande zote mbili, kisha mheshimu walichochagua hata kikiwaharibia kampeni.

Na msilazimike kufika 1821. Lile swali la mwanzo likishajibiwa, sura moja zaidi ya kuonesha nani analipa, basi. Kalenda ya mchezo ni ya mchezo.

Nimalizie kwa kazi ya mchana huu. Kwenye meza za nyuma zipo kompyuta, zote zimefunguliwa Kilwa, na mchezo umesimamishwa siku ile ya kwanza. Kaeni wawili wawili: mmoja acheze, mmoja ashike daftari, na mwenye daftari ndiye mwenye amri ya kusimamisha. Saa moja tu. Baada ya saa hiyo kila jozi itasoma maandishi yake manne, bila kutuambia matokeo, nasi tutasema ni wapi tulitaka kujua kilichofuata. Karibuni, na ahsanteni kwa kunisikiliza.